Waya wa Breki ya Papa

Enzi zetu gitaa halikununuliwa. Lilitafutwa: bidoni, yaani dumu tupu la mawese, nyuma ya jiko, ubao wa sanduku lililovunjika bandarini, na nyuzi popote pale ambapo mzazi wako alikuwa hatazami. Ninyi mliokulia Kalemie, mji wetu wa ziwani huku Kongo, miaka ile mnanielewa. Vijana wa leo wananunua gitaa likiwa na mkoba wake, wanapiga nalo picha kumi, halafu ndipo wanauliza linashikwaje.

Mimi nimeishi kwa nyuzi tangu hapo. Nimepiga solo katika okestra tatu za mji huu, na siku hizi kazi yangu ni kupanga muziki: mtu ananiletea wimbo wake, naamua solo iingie wapi na besi inyamaze wapi. Wakiniuliza nilisomea wapi, nasema nyumbani, kwa sababu ya baiskeli.

Nilikuwa na miaka kumi hivi, dada yangu Furaha kumi na miwili. Papa, baba yetu, alikuwa karani bandarini, na kila asubuhi aliteremka mlima kwa baiskeli, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata. Kila mtoto wa mtaa alijua kwamba waya wa breki ukiufumua unapata nyuzi nyembamba zinazolia vizuri kuliko mshipi wa kuvulia. Tukapiga hesabu zetu: baiskeli ina breki mbili, Papa ni mmoja, kukosa ya nyuma hakutamsumbua. Usiku tukaukata waya wake, tukaufumua na kuufunga kwenye gitaa letu la bidoni. Hatukujua kwamba ya mbele ilikuwa imekufa zamani.

Kesho yake Papa aliteremka kama kawaida, ila hakusimama kama kawaida. Alipita ofisi yake akipunga mkono kuomba msaada, wenzake nao wakampungia kwa furaha, akaishia ufukweni katikati ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, ambazo jirani yetu Mama Feza alikuwa ameanika juani. Hakuumia. Adhuhuri alirudi kwa miguu, ananuka samaki, magamba yanameremeta kwenye ndevu.

“Nani alikata fre yangu?” Kwetu breki ni fre.

Tukalitoa gitaa chini ya kitanda. Nililia kabla hajanigusa, maana nililipenda kuliko chakula. Papa akaligeuzageuza, akaketi.

“Bon. Mupige. Ikilia mubaya, njo kuni za ugali ya leo,” akasema, akilielekeza gitaa jikoni.

Nilipokuwa nakaza nyuzi, zikakatika moja baada ya nyingine, zikabaki mbili. Nyuzi mbili hazibebi wimbo, hilo hata mtoto analijua, na jiko lilikuwa tayari linawaka. Nikamwambia Furaha aimbe solo kwa mdomo. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamwomba asibadilishe mwendo wa mchi hata kidogo. Mimi nikashika katikati na nyuzi zangu mbili.

Tukaanza. Ulikuwa wimbo wa kucheza, uliokuwa ukipigwa kila arusi, lakini ulining'inia tu, kwa sababu chini hapakuwa na mtu. Nikafunga macho nisilione jiko. Ndipo sauti nzito ikaingia, inanguruma bila maneno. Alikuwa Papa, ameshika besi. Alichelewa kila mara, nusu hatua nyuma yetu, lakini alifika. Mama akacheka mpaka mchi ukataka kumponyoka.

Tulipomaliza, Papa aliigonga bidoni yangu kwa kidole. “Fre nitatafuta ingine. Hii mubakie nayo.” Adhabu haikukosekana: wiki nzima tulichambua mchanga katika ndagala za Mama Feza, naye hakutuonea huruma.

Siku hizi simu moja ina ngoma, kinanda na filimbi. Kijana mmoja anapiga vyote chumbani peke yake, hamngojei mtu. Wanapiga vizuri, siwasingizii. Ila wimbo wetu ulihitaji nyumba nzima, na aliyekosekana alisikika kwamba hayupo.

Papa ametangulia. Ninamkumbuka sana, hasa nikiwa kazini, na kila besi ninayoipanga naiacha ichelewe kidogo kama yake. Juzi kijana wa studio, ambaye huniita Papa kwa heshima, alinigeukia, kidole kiko juu ya mashine.

“Papa, besi iko nyuma. Nisogeze?”

Nikamshika mkono.

“Muache,” nikamwambia. “Iko anakuja.”