Jilala Adai Ngozi ya Pointi Zake

Jilala wa Ngulyati hakuwa mtu wa kutulia. Msimu wa pamba alikuwa shambani kabla majogoo hayajamaliza kuwika. Pamba ikishauzwa, alizunguka uani akihamisha mawe ambayo hayakuwa na kosa lolote. Ndipo kampuni yake ya simu ikamletea shughuli: piga simu upewe pointi, pointi zikitimia uchukue simu mpya bure ofisini Bariadi.

Basi akawa anapiga. Alimpigia jirani yake Masunga kumuuliza kama ameamka, na Masunga akapokea huku wanatazamana juu ya uzio wa minyaa. Watu walisema pointi zimempanda mzee kichwani, na hawakukosea sana. Lakini Jilala alikuwa na lake moyoni. Simu hiyo ya zawadi ilikuwa ya Shida, dada yake mkubwa, mjane wa Lalago, ambaye ndiye aliyemlea Jilala mama yao alipofariki. Kwenye msiba wa shemeji yake alikuwa amemwahidi mbele za watu kwamba atamletea simu wawe wanasikizana kila siku. Tangu siku hiyo miaka miwili ilikuwa imepita. Kila alipotaka kwenda kumsalimia aliona aibu ya kwenda mikono mitupu, akasema ngoja kwanza pointi zitimie.

Zilikuwa zimebaki chache mno ujumbe ulipoingia. Mkewe, Milembe, akamsomea: "Ndugu mteja, mpango wetu wa zawadi kwa pointi umefikia mwisho. Tunakushukuru kwa kuwa nasi."

"Mpango umekwisha, sawa," Jilala akasema. "Na pointi zangu je?"

"Zimekwenda na mpango, Baba Dastan."

"Zimekwenda wapi?"

Milembe akamrudishia simu yake. Usiku huo mume wake hakumpa usingizi kwa kujigeuzageuza, na asubuhi akamdaka Constantine wa bodaboda ampeleke Bariadi.

Ofisi ilikuwa imefurika. Mama mmoja muuza dagaa wa Lamadi alikuwa akifoka kwamba amewapigia watu simu za maneno ya bure mwaka mzima ili apate pointi. Mwingine akamtuliza: zimwi likujualo halikuli likakwisha. "Mimi limenimaliza," akadakia Constantine, ambaye naye alikuwa na pointi zake. "Leo leo nahamia kampuni nyingine."

Zamu ya Jilala ikafika. Binti wa kaunta, jina lake Precious, akamwamkia vizuri, akamweleza kwamba pointi zote zimefutwa.

"Binti, wewe ni wa wapi?"

"Wa Maswa, baba."

"Vizuri. Mtu akiweka ng'ombe wake kwako umlishie, ng'ombe akafa, unampelekea nini mwenye ng'ombe?"

Precious akainamisha kichwa. Alikuwa amekulia kwenye mifugo, alilijua jibu. Asiyeleta ngozi huhesabiwa amemla ng'ombe wa mwenzake, au amemuuza.

"Ngozi, baba."

"Basi pointi zangu mlikuwa mnanilishia nyinyi. Mmesema zimekufa. Nataka ngozi."

Ofisi ikalipuka. "Ngozi! Watoe ngozi!" Meneja, kijana wa kutoka Dar, akachomoza mlangoni akauliza ngozi ya nini tena, na kila aliyemjibu alimjibu kwa Kisukuma. Precious hakungoja ruhusa. Akachapa karatasi yenye jina la Jilala na idadi ya pointi alizokuwa nazo, akaigonga muhuri, akampa kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo niliyo nayo, baba. Nisamehe."

Binti angemtukana, angalau hasira ya mzee ingepata pa kwenda. Jilala akaikunja karatasi, akatoka, akamwacha Constantine kwenye foleni. Hakurudi Ngulyati. Alikwenda stendi akapanda gari la Maswa, akaunganisha hadi Lalago, na njia nzima midomo ilikuwa ikimcheza: alikuwa akipanga namna ya kumwomba dada yake radhi.

Shida alikuwa uani akipukuchua mahindi. Jilala akasimama mbele yake, hatua mbili tu, jua likimwakia usoni.

"Nani?" Shida akauliza.

Jilala akafikiri anataniwa.

"Nani wewe? Mbona husemi?"

"Ni mimi, dada. Jilala."

Mikono ya Shida ikaacha gunzi, ikapapasa hewani, ikampata begani, ikapanda mpaka mashavuni. Macho yake yalikuwa na utando mweupe kama maziwa.

"Umekonda," akasema.

"Tangu lini, dada? Mbona hukunipa habari?"

"Niliwakataza watu wasikwambie. Nilisema, Jilala atakuja tu, ataona mwenyewe."

"Nilikuwa nakutafutia simu."

"Nilisikia," Shida akasema, mikono bado usoni mwake. "Ila miguu ulikuwa nayo, mdogo wangu."

Jilala, mtu mzima mwenye wajukuu, akalia viganjani mwa dada yake.