Gunia la Korosho Lililoimba

Naona haya hata kuandika, lakini mimi, mhitimu wa kidato cha nne wa masomo ya jioni (cheti nimekitundika sebuleni, mgeni haketi bila kukiona), niliwahi kuamini kwa moyo wote kwamba simu inakula sauti ya mtoto. Habari ililetwa kwenye kundi letu la wahitimu, hukohuko simuni: mtoto akizidisha mitandao, sauti yake inahamia ndani ya simu, na dawa ni kuifukia simu kwenye korosho ghafi, yale mafuta ya maganda yaivute sauti itoke.

Sikuamini bure. Binti yangu Somoe, wa kidato cha pili, alikuwa anakula ugali kwa mkono mmoja, mwingine unapekua video, anacheka peke yake, na kwangu mimi imebaki shikamoo ya asubuhi tu. Nikaogopa nitampoteza nikiwa naye nyumba moja. Basi alipokwenda kuoga nikaichukua simu, nikaizamisha kwenye gunia moja la korosho pale barazani, nikaenda zangu shambani najiona daktari.

Sasa Mama Somoe hakujua. Akasikia ghala la chama cha msingi cha wakulima hapa Chilangala linapokea korosho, akashona magunia yote, akayapeleka kwa pikipiki ya jirani. Nikarudi, nikakuta baraza tupu, nikaambiwa magunia yamekwenda ghalani, nikatimua mbio na jembe begani (nusu ya Newala walinipisha njia), na kabla sijamnong'oneza karani, gunia langu, liko juu ya mzani, likaanza kuimba.

Kwetu gunia lenye kisicho korosho ni aibu ya ukoo, maana wapo wanaotia mawe kuongeza uzito.

"Baba Somoe," mkulima mmoja akasema, "wenzako wanatia mchanga. Wewe umetia na ngoma?"

Karani akakata uzi, akamwaga korosho, akaokota simu, akaipokea, akaiweka spika ili wote tujue ni ya nani.

"Haloo, nani ana simu yangu?" Ni Somoe, anapiga kwa simu ya mama yake.

Hapo ningenyamaza yangekwisha. Lakini kwa elimu yangu yote nikawageukia watu, nikasema, "Mmesikia? Sauti ya mwanangu hiyo. Imeanza kutoka."

Ghala lilicheka mpaka mabati nadhani yalilegea misumari. Nikaanza kujitetea, kundi la wahitimu, mafuta ya maganda, mtoto aliyekuwa bubu, na kila nilipoeleza ndipo walipozidi kushika mbavu, kumbe simu haijakatwa, Somoe anasikia yote.

"Shikamoo baba," ikasema simu.

"Marahaba, mwanangu."

"Simu haili sauti, baba. Kweli naishika mno, hata mama ananigombeza. Ila nikikuongelesha unaniambia subiri, unasoma kundi lako. Humu simuni wananijibu."