Kigari cha Mnada na Kanga Kuukuu

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mshona kofia za mkono, na katika mtaa mzima wa Kibokoni hakuwako aliyethubutu kumwambia kuwa kofia yake imepinda. Mke wangu alipofikisha mimba ya miezi saba, mama huyu akaja kwetu Bondeni kumchukua akazalie kwao, kama ilivyo ada ya mtoto wa kwanza. Walipofika mlangoni akanigeukia.

"Siku ya arobaini nitakuja hapa mimi mwenyewe," akasema. "Nikiona nyumba ina vitu vya kumlea mtoto, mkeo na mwanao utawapata siku hiyohiyo. Nisipoona, watakaa kwangu mpaka mtoto ajue kutembea, aje kwako kwa miguu yake."

Hakuwa mtu wa mzaha. Kofia ikimkosea tundu moja, huifumua yote.

Nami niseme nilikuwa nani, maana pasipo hilo upumbavu wangu hautaeleweka. Shule niliiona dirishani, nikipita. Chuo cha Kurani nilifika juzuu ya kwanza, baba akafariki, nikaenda kubeba magunia. Nililala juu ya gunia, nikajifunika gunia, na kwa muda nilivaa gunia lililotobolewa pa kupitisha kichwa. Sioni haya kulisema. Kutoka hapo nikapata mkokoteni, mkokoteni ukazaa mwenzake, na wakati huo ninaousimulia, Uhuru u karibu, nilikuwa na mikokoteni sita ikitoa mizigo magodauni kuipeleka Makupa kwenye malori. Sikurithi hata msumari. Kwa hiyo nilijiapiza kwamba mwanangu hataguswa na kitu kikuukuu.

Wiki ileile aliyoondoka mke wangu nikaanza kuitengeneza nyumba. Nikapaka chokaa, nikaziba matundu ya panya. Chini ya kitanda nikavuta furushi kubwa, nikalifungua, nikakuta kanga kuukuu tupu. Nyingine zimepauka hata hujui kama zilikuwa nyekundu au za zambarau. Nikaona haya kwa niaba ya mke wangu. Mke wa mtu mwenye mikokoteni sita, kuficha matambara kama mwizi! Nikalibeba furushi mpaka kwenye mikokoteni, nikawapa hamali wangu wafutie grisi. Wakafurahi mno. Mmoja akaniambia, "Mzee, tambara laini namna hii kwenye ekseli ni kama hariri." Nami nikajiona mkarimu.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike, ana sauti ya muuza maji. Mimi nikaenda mnadani.

Wazungu wengi siku hizo walikuwa wakifunga safari za kwao, na vitu vyao vikiuzwa uani kwa kengele: makabati, vyombo vya udongo, mbwa. Hapo nikakiona kigari cha mtoto. Cheusi, kinang'aa, kina kofia ya kukunjuka kama gari la harusi, na magurudumu manne yenye spoki za chuma. Nilikiinamia nikalizungusha gurudumu moja kwa kidole. Likazunguka, likazunguka, wala halikulia. Mimi nayajua magurudumu. Mtu mwingine alipotaja bei, nikataja yangu kwa sauti iliyomfanya ageuke anitazame.

Kwamba kigari kile kilikwisha kubeba watoto wa watu sikukumbuka kabisa. Kilichotumiwa na Mzungu sikukihesabu kuwa kikuukuu.

Nilikisukuma mwenyewe mpaka Mji wa Kale, nimevaa kanzu ya Ijumaa. Kila baraza niliyoipita ilikuwa na lake la kusema.

"Bwana, aiskrimu ipo?"

"Hamali ni hamali tu. Hata siku ya kupata mtoto anatafuta cha kusukuma!"

Niliendelea kusukuma. Nilikuwa na furaha, na mwenye furaha hana masikio.

Sasa, nyumba ya mama mkwe ilikuwa ghorofani, na ngazi yake ni ile ya zamani, nyembamba, imesimama kama mnazi, na katikati ina kona. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha hamali wangu: kabla ya kuinua mzigo, pima mlango. Siku hiyo sikupima kitu. Nilimwita hamali wangu mmoja mwenye nguvu, yeye akashika mbele, mimi nyuma, tukapanda. Kwenye kona kigari kikaingia, kikalia kidogo, kikakwama. Tukavuta, hakikurudi. Tukasukuma, hakikwenda. Hamali akabaki upande wa juu, mimi upande wa chini, na katikati yetu kigari kimekaza kuta zote mbili.

Na juu kulikuwa na wanawake kumi au zaidi waliokuja kumtazama mzazi. Hamali alipowaona wanamjia wakitaka kushuka, akafumba macho, akatafuta dirisha la nyuma, akatoka kwa kurukia paa la jirani. Sikumwona tena siku ile.

"Nani amefunga ngazi?" sauti ya mama mkwe.

"Mimi, mama. Sabalkheri."

"Sabalkheri gani na watu hawawezi kushuka? Ni nini hicho?"

"Kigari cha mtoto, mama."

Akasema polepole: "Mtoto ana siku tisa. Hatoki mlango huu mpaka arobaini. Kigari umemletea nani? Mimi?"

Wanawake wakacheka mpaka nikasikia kikombe kikianguka. Jirani wa nyumba ya pili aliyekuwa ameleta uji wa pilipili manga akasimama chini yangu na sufuria yake, hana pa kupita. Mwisho wakateremsha kikapu kwa kamba dirishani, uji ukapanda juu kwa njia ya hewani. Mimi nikabaki ngazini kama kizibo.

Dawa ilikuwa kufungua magurudumu. Ya chini niliyafikia kwa spana yangu, maana spana sikuiacha hata nikivaa kanzu. Ya juu sikuyafikia. Nikapitisha spana chini ya kigari, nikaomba mtu wa kunisaidia. Akaja mkunga, mwanamke mnene mwenye mikono ya mwashi.

"Bibi, zungusha kushoto," nikamwambia.

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwako."

"Mimi nimezoea kutoa watoto, baba, si magurudumu. Haya. Usivute! Nani amekwambia uvute? Hiki nacho kina njia yake. Tulia, vuta pumzi." Gurudumu likaanguka ngazini. "La kwanza hilo. Sasa ngoja nikigeuze, kimekaa vibaya. Sasa! Vuta, vuta, vuta! Bega limetoka!"

Kigari kikanijia kifuani, tukaporomoka pamoja mpaka barazani. Juu wanawake wakapiga vigelegele, na wapita njia wakasimama kuuliza kama ni pacha.

Mtu mwingine angekwenda zake. Mimi nikapanda tena, maana nilitaka kumwona mwanangu. Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia, nikamsikia akijizuia kucheka. Kisha akaniuliza kwa upole, "Lile furushi langu la chini ya kitanda umelileta?"

"Furushi gani?"

"La kanga kuukuu. Nazikusanya tangu tulipooana. Za bibi, za mashangazi, na ile ya mama ya harusi yake. Ndizo za kumfunika mtoto, ndizo za kumvisha, ndizo za kumbebea. Mtoto hahitaji kingine."

Nilitokwa na jasho, na siku hiyo upepo ulikuwa wa kutosha.

"Lipo," nikasema. "Nitalileta."

Mchana uleule nikaenda kwenye mikokoteni. Kanga nilizozikuta ungedhani ni ngozi za nyani. Hapo nikaijua hali yangu. Nilikuwa na siku thelathini na moja, sina shangazi, sina dada, mama yangu yu kaburini, na mwanamke wa kwanza kuniwekea kanga kuukuu, kanga zake nilikwisha kuzifutia ekseli.

Nikafanya kama mtu mwenye uwezo anavyofanya: nikanunua. Doti kumi, mpya, za rangi ya kupofua macho, nikampelekea mama mkwe nikisema zile za zamani hazifai kwa mtoto wangu. Hakubishana. Alikunja kanga moja mara nne, akaiweka mapajani mwangu, akachukua birika la maji, akamimina. Maji yakasimama juu ya kanga kama ushanga, kisha yakateremka yote ndani ya kanzu yangu.

"Hiyo ni dondo, wanga wa kiwandani," akasema. "Kanga mpya haijui kunywa. Ndivyo mtakavyokuwa mkilala mmelowa, wewe, mtoto, na godoro. Lete kuukuu."

Nikazichukua kanga zangu kumi mpaka kwa dobi. Nikamwambia, "Nataka hizi zizeeke."

Dobi akaniangalia kichwa mpaka miguu. "Bwana, watu huniletea kuukuu wakitaka zing'ae."

"Mimi nataka kinyume."

"Zizeeke kiasi gani?"

"Miaka saba. Kabla ya mwisho wa mwezi."

Maskini alifanya kazi. Alizichemsha, akazipiga juu ya jiwe, akazianika, akazirudia, kila siku. Jirani zake walidhani ana ugomvi na mtu. Baada ya wiki tatu nikampelekea mama mkwe moja nikidai ni ya furushi. Aliishika baina ya vidole viwili vya mshonaji, akaisugua shavuni, akaikataa kabla hata hajaifungua.

"Hii imepigwa," akasema. "Haikuvaliwa."

Zilibaki siku tano. Wenzangu, nimebeba magunia ya chumvi kwenye mgongo uliochubuka, nami nasema haikuwapo kazi iliyonilemea kama hii: niliunga magurudumu ya kigari, nikakisukuma mpaka mlango wa kwanza wa mtaa wangu wa Bondeni, nikabisha. Mwenye nyumba alikuwa mama wa mahamri, ambaye nilikwisha kumfokea kwa kuanika unga njiani pa mikokoteni yangu.

"Naomba kanga kuukuu," nikasema. "Za mtoto."

Akaweka mwiko chini. "Nani? Wewe? Mwenye mikokoteni sita waomba matambara?"

"Naomba."

"Sema tena, huyu binti yangu wa jikoni hakusikia."

Nikasema tena. Akaingia ndani akicheka, akatoka na kanga mbili, laini kama sikio la paka, zanukia moshi na iliki. "Hii nimezalia watatu," akasema. "Usiifutie gari lako."

Nikashtuka. Kumbe mtaa mzima walijua.

Mlango wa pili hivyohivyo, na wa tatu. Hakuna aliyeninyima, na hakuna aliyenipa bure. Kila kanga ilikuja na neno lake. Mwingine alinikumbusha nilivyokuwa nikimpita bila salamu. Bibi mmoja kipofu alinishika mkono, akaupapasa, akasema, "Mkono wa kazi huu, lakini haujazoea kufumbuka kuomba." Kufika adhuhuri kigari kilijaa mpaka kofia yake haikunjuki. Ndiyo siku pekee kilipofanya kazi iliyostahili magurudumu yake.

Siku ya arobaini mama mkwe akaja peke yake, asubuhi, buibui limepigwa pasi. Nilikuwa nimezifua kanga zote na kuzifukiza udi. Alizitoa kigarini moja moja, akazisugua shavuni, akazirudisha. Mimi nimesimama kama mshtakiwa.

"Hizi si za mwanangu," akasema.

"Si zake, mama. Zake nili..."

"Najua. Kabla mtoto hajazaliwa, nilikuwa dirishani natunga uzi, nikaiona kanga yangu ya harusi inapita chini, imefungwa kwenye ekseli ya mkokoteni wako. Nikaijua kwa pindo."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Kanga imekwisha kwenda. Nilitaka nijue mwanaume gani amemuoa mwanangu. Mwanangu akiugua na wewe mkono wako mtupu, utabisha mlango wa mtu, au utakaa ndani na ujeuri wako?" Akaichukua ile ya mama wa mahamri, akaitia kwapani kama yake. "Hii nzuri. Hii ya kichwa changu."

Akakitazama kigari, akakipiga teke dogo kwa ncha ya kiatu.

"Na hiki, si ulisema mwanao haguswi na kikuukuu? Tako la Mzungu halichakazi kitu?"

"Mama, samahani."

"Kiweke kanga. Kabati huna." Na kweli, watoto sita nimewapata, hakuna hata mmoja aliyekipanda, kilikaa chumbani na kanga zao mpaka kikaota kutu. "Haya, nenda kamchukue mkeo. Na kigari usije nacho."

Nilikwenda mbio, kanzu nimeishika mkononi. Ukutani pale penye kona ya ngazi palikuwa na mkwaruzo mrefu mweusi, na kwa miaka mingi kila mgeni alionyeshwa. Juu mlangoni nikamkuta mke wangu amekwisha vaa buibui, mtoto kifuani, vitu vyake vimefungwa tangu alfajiri.

"Umechelewa," akasema.