Joho la Mwisho la Mama Inatosha

Kumepambazuka sasa hivi. Mzee wa nyumba ameketi mlangoni penye mwanga, anatunga uzi kwenye sindano na kuzichomeka kwenye kimto kidogo. Nyuma yake cherehani kinanguruma, na mkewe ameinamia kitambaa hadi pua inakaribia kukigusa.

"Huyu alikuwa dereva wa lori," anasema mama huyo bila kuinua uso. "Nimemshusha cheo. Siku hizi anaendesha sindano."

Mtaani wanamwita Mama Inatosha. Enzi zile duka lake lilikuwa na vyerehani vitano, na maharusi walipanga foleni. Kila jioni alipofunga mlango alisali kwa ufupi: asante Bwana, inatosha. Jirani akamshauri afungue duka la pili, akajibiwa neno hilohilo. Jina likamganda.

Kisha ikaja presha ya macho. Jicho la kushoto limeshazima. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na daktari hakumficha kwamba nalo litazima. Mafundi wakaondoka, vyerehani vinne vikauzwa.

Jioni waliyotoka hospitali alisali vilevile. Mumewe uvumilivu ukamshinda.

"Nilimwambia, mke wangu, usimdanganye Mungu. Kinachotosha hapa ni nini?" anakumbuka mzee huyo. Tangu hapo hajakanyaga kanisani.

Mkewe hamlaumu. "Alisema kweli. Nilisali kwa mdomo, moyo umenuna. Mambo yakinyooka, nani anashindwa kuridhika? Nilidhani nina imani, kumbe nilikuwa na wateja."

Kilichomvunja moyo zaidi ni kazi ya kanisani kwake, majoho mapya ya kwaya kwa ajili ya Krismasi. Joho moja alilipachika mikono ndani nje, mshono ukabaki unatazama watu. Mwimbaji aliyelijaribu alicheka, kisha akamwona fundi usoni, akalivua upesi. Fundi alilifumua mwenyewe kwa vidole, huku analia.

"Nilimwambia Mungu yote siku ile, hata yasiyosemeka. Nilipomaliza kufumua, nikagundua vidole vinaujua mshono. Nikasema haya, kwa leo, na vidole hivi, inatosha. Safari hiyo nilimaanisha."

Macho hayakurudi. "Usije ukaandika nimeponywa," anamwonya mwandishi wa makala haya. "Bado naogopa sana. Ila siogopi peke yangu."

Sasa limebaki joho moja. Ni pana mabegani, na kwaya haina mtu wa mwili huo. Ina upungufu wa sauti nzito, anaeleza mama kwa sauti ya chini, na zamani sauti hiyo ilitoka nyumba hii. Tumaini lake ni kulimaliza angali analiona, na siku ya Krismasi apate wa kumshika mkono hadi kanisani.

Mzee analeta kimto chenye sindano. Anasimama, analitazama joho lililotandazwa kwenye meza ya cherehani.

"Hili la nani?"

"La mkaidi mmoja."

Mama anakata uzi. Mzee analiinua joho, anajipimia kifuani, ananyoosha mkono.

"Mikono umeiacha mirefu mno," anasema hatimaye. "Ipunguze. Inanifunika vidole, nitakushikaje njiani?"