Nilipoambiwa Viazi ni vya Baba

Mama mwenye hoteli alikivunja kiazi kikuu katikati, akakinusa, akala kipande kidogo. Nilikuwa nimemletea kikiwa kimechemshwa, kimefungwa kwenye kitambaa, kutoka Mosocho hadi mjini Kisii. Kilikuwa cha mwisho kati ya vile nilivyobeba kutoka kwetu Embu nilipokwenda kumwona baba yangu.

"Hii ni nduma?" akaniuliza.

"Si nduma, dada. Ni kiazi kikuu."

"Kikuu kwa nini? Ni chifu wa viazi?"

Wateja wawili waliokuwa wakinywa chai wakacheka. Mmoja akaomba aonjeshwe huyo chifu. Akakatiwa, akala, akaomba tena. Mama hoteli akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Leta gunia moja Jumatatu," akasema. "Watu wakikipenda, utakuwa unaniletea kila wiki. Usipoleta, mimi naendelea na viazi vitamu vyangu na tusisumbuane."

Hivyo ndivyo nilivyopata mteja kabla sijapata bidhaa. Kama unafikiria kuanza biashara ya namna hii, nakushauri uanze upande ule mwingine.

Wakati huo nilikuwa na miezi mitatu tu Mosocho. Mume wangu ni mtu wa huko, lakini tulioana na kuishi Nakuru mpaka kazi yake ilipomrudisha kwao. Nilikuwa nimeacha kibanda changu cha nguo, na mchana nilikaa nyumbani nikisikiliza majirani wakizungumza Ekegusii, lugha ambayo sikuijua. Watu walinikaribisha vizuri sana, lakini mara nyingi sikujua wamenikaribisha wapi. Wiki ya kwanza nilimwomba jirani aniazime ungo, akaniambia "Yaya." Nikamjibu kwamba ahsante, sihitaji yaya, mtoto wetu ni mkubwa. Kumbe yaya kwao ni hapana.

Basi nikaanza kutafuta viazi vikuu, na hapo pia shida ya kwanza ilikuwa jina. Nikisema viazi vikuu naonyeshwa viazi vitamu vikubwa. Nikieleza zaidi naletewa nduma. Nami naeleza tena bila kuchoka, maana kueleza ni tabia yangu: nduma hupenda maji na jani lake ni pana kama sahani, kiazi kikuu ni mmea unaotambaa, huupanda mti na kuuzunguka kama kamba, na kiazi chenyewe hujificha chini, wakati mwingine kirefu kama mkono mzima. Watu walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaniletea mihogo.

Nilikumbuka Magwagwa. Mwezi uliotangulia tulikuwa tumekwenda huko Nyamira kumjulia hali mgonjwa, na kwenye boma la jirani yake niliona majani yenye umbo la moyo yamepanda miti ya kando ya ua. Niliyajua papo hapo. Ijumaa asubuhi nikachukua gunia, panga na mti uliochongwa ncha, nikaenda.

Kwenye boma lile nilimkuta mke wa kijana wa pale, msichana mchangamfu, akijifunga kikapu mgongoni tayari kwenda kuchuma chai. Nikamsalimu, nikamwonyesha ile mimea, nikamuuliza ni ya nani. Kiswahili changu alikielewa vizuri, lakini alikuwa na haraka, akanijibu kwa Ekegusii huku akitembea. Katika jibu lote nilishika neno moja tu: baba.

Nikaridhika kabisa. Naomba unielewe kwa nini. Kwetu kiazi kikuu ni zao la mwanamume. Baba ndiye hukipanda, ndiye hukichimba, na mama yangu hukipokea kikiwa tayari kwa sufuria. Kwa hiyo niliposikia baba, sikuona kitu cha kuuliza tena. Ningeshangaa kama ningeambiwa vinginevyo.

Na baba mwenyewe alikuwepo. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba akipukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba nimetoka Mosocho, nanunua viazi vikuu, nina mteja mjini.

"Viazi gani?" akauliza. "Hiyo kitu inapanda miti?"

"Hiyo hiyo, mzee."

"Na watu ya mjini wanakula?"

"Wanakula sana. Mmoja ameomba mara mbili."

Alicheka mpaka akaweka gunzi chini. "Mimi hata sijui ladha yake. Hiyo ni mambo ya wanawake."

Nilidhani ananitania kuhusu mapishi.

"Sasa mzee, unaniruhusu nichimbe? Bei tutapatana nikishapima."

Akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu. "Mimi sina maneno," akasema.

Nikamshukuru mara tatu.

Kuchimba kiazi kikuu ni kazi ya subira. Huung'oi mmea. Unafukua upande mmoja kwa mti wenye ncha, baadaye kwa mikono, mpaka kiazi kionekane kilivyolala. Kisha unakikata chini ya kichwa, na kile kichwa unakiacha kimeshikana na shina lake, unamwagia majivu kidogo mahali ulipokata, unarudisha udongo taratibu. Msimu ujao kitazaa tena. Baba yangu alinifundisha hivyo nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwa siri, maana wasichana hawakufundishwa. Majivu nilimwomba mzee, akaniambia nijichotee jikoni. Mimea ile ilikuwa ya miaka mingi. Mitatu tu ilijaza gunia karibu mpaka juu. Saa nane mchana nilikuwa nimechafuka hadi kwenye nyusi na nina furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nihame Nakuru.

Ndipo mwanamke mzee akaingia boma kwa njia ya chini, ana mkoba na mwavuli. Alikuwa ametoka na kina mama wa kanisa kumtembelea mgonjwa. Alinitazama mimi, akalitazama gunia, akautazama udongo mbichi chini ya miti.

"Yaya!" akasema. "Yaya, yaya, yaya!"

Safari hii nilielewa. Nisichoelewa ni kwa nini.

Alitupa mwavuli, akapiga magoti penye shimo la kwanza, akaanza kufukua kwa vidole huku akisema maneno mengi sana. Msichana wa chai alikuwa anarudi na kikapu chake. Alipoona, akaja mbio.

"Anasema nini?" nikamuuliza.

"Anasema wewe ni mwizi."

"Mimi? Si wewe uliniambia viazi ni vya baba?"

"Ndiyo, nilikuambia."

"Na baba si yule pale?"

"Yule ni tata."

"Tata ni nani?"

"Ni baba."

"Sasa si ndiyo ninasema!"

"Aa, mama! Baba ya Kiswahili ni yule. Baba ya Ekegusii ni huyu," akasema, akamwonyesha mwanamke mzee aliyekuwa amepiga magoti. "Baba ni mama."

Nilikaa chini juu ya gunia. Nilirudia yale maneno kichwani mara kadhaa, na kila nilipofika mwisho nilikuwa nimepotea zaidi. Nikamgeukia mzee, ambaye alikuwa amerudia mahindi yake kama mtu asiyehusika.

"Mzee, si ulikubali?"

"Kukubali nini?"

"Ulisema huna maneno!"

"Na sina. Viazi si yangu. Nitakuwa na maneno gani?"

Mkewe akamwambia kitu kirefu bila kugeuza kichwa. Mzee akainama. Msichana akanitafsiria huku akijizuia kucheka: "Anamwambia keshokutwa akupe chai yake uchume, tuone kama bado atakosa maneno."

Kisha mwanamke mzee akaacha kufukua. Vidole vyake vilikuwa vimefika kwenye kichwa cha kiazi. Akakishika, akakitikisa kidogo aone kama kimelegea, akagusa majivu. Akaenda shimo la pili, akafukua, akagusa. Akaenda la tatu. Halafu akasema jambo fupi.

"Anasema umechimba vizuri," msichana akanieleza. "Lakini wewe ni mwizi."

Nilieleza kila kitu: Embu, baba yangu, neno nililoshika, neno nililoambiwa. Nikasema nitalipa chochote atakachotaka, ila nahitaji lile gunia, kwa sababu Jumatatu nisipofika nalo hotelini nimepoteza mteja wa kwanza na wa pekee, na viazi vingine sijui vilipo. Msichana alitafsiri. Sijui alitafsiri kiasi gani, maana maneno yangu yalikuwa mengi na yake yalikuwa machache. Jibu lilikuwa kwamba viazi vile huchemshiwa wageni wakati wa makambi, mkutano wa kanisa wa kila mwaka, na kwamba Sabato ilikuwa inaingia jua likizama na bado hajapika wala kufua. Hakuna biashara itakayozungumzwa leo, na kesho pia hapana. Gunia likavutwa mpaka nyumbani kwake. Nikarudi Mosocho mikono mitupu.

Jioni hiyo nilimweleza mume wangu. Alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha nikamuuliza mbona hakuniambia hata siku moja kwamba baba ni mama. Akaacha kucheka.

"Ningelisema lini?" akaniuliza.

Wazazi wake walifariki kabla hatujafahamiana. Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita mtu kwa neno hilo, kwa kuwa hakukuwa na wa kuitwa. Nilienda kumwekea chai, nikaona hata sukari sikumbuki kama nimetia au bado.

Jumapili nzima nilijiuliza kama niende kuomba tena au nimwache mama wa watu apumzike. Jumatatu kabla hakujapambazuka vizuri niliamua kwenda. Nilikuwa nimejiandaa kupiga magoti. Nilipofika nilimkuta mwanamke mzee amesimama barabarani, amevaa gauni la kanisani na sweta, gunia limesimama kando yake, limefungwa kwa kamba mpya.

Msichana alikuwa naye. "Anasema anaenda kuona ni nani anataka kula viazi yake."

"Kwa hiyo ameniuzia?"

"Sijui. Amesema tu anaenda."

Tulifika hotelini mimi nikiwa nimelibeba gunia mgongoni na yeye akiwa ametangulia na mwavuli. Nikafungua mdomo nimtambulishe, sikupata nafasi. Yeye na mama hoteli walisalimiana kwa Ekegusii, wakaulizana watu wa kwao, ikaonekana wanamfahamu mtu mmoja wa Masimba, wakafurahi. Halafu mwanamke mzee akaomba kuona jikoni. Aliikataa sufuria ya kwanza. Alionyesha maji yafike wapi, na alipomwona mpishi ameshika kisu anataka kumenya, akampiga kofi dogo mkononi: kinachemshwa na ganda lake, kinamenywa kikiwa kimeiva. Mimi pia nilitaka kusema hivyo. Nilibaki mlangoni na gunia tupu, nikitabasamu kila walipotabasamu.

Viazi viliiva, vikaletwa mezani na chai. Kufikia saa nne hakuna kilichobaki kwenye sahani. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliuliza kama huyo chifu atakuwepo kesho.

Wale wawili waliongea tena, wakapeana mikono. Nikashika neno moja, na nikaapa kutolifuata.

"Mama amekubali," mama hoteli akaniambia. "Gunia moja kila Jumatatu. Makambi yakikaribia tunasimama kidogo, halafu tunaendelea."

"Na mimi?"

"Wewe unachimba. Anasema mkono wako haukati kichwa."

"Sawa, nitachimba. Lakini nachimba kama mtu wa kibarua, au nanunua kwake nakuuzia wewe?"

Mama hoteli alimuuliza. Mwanamke mzee alijibu kwa kirefu, akahesabu kitu kwenye vidole, akaonyesha dirisha, akaniangalia, akamaliza.

"Amesema ndiyo," mama hoteli akasema.

"Ndiyo ipi?"

Lakini mteja alikuwa anaita bili, akaniacha nimesimama.

Mwanamke mzee alipokea noti zake, akatoa sehemu akanikabidhi bila maelezo. Haikuwa kidogo kama ya kibarua, wala haikufika faida niliyokuwa nimeipangia. Nilijaribu kuielewa kwa kuitazama tu. Toka siku hiyo, ninapomsaidia mtu anayeanza, humwambia asiulize shamba hili ni la nani. Aulize nani alipanda, na ajibiwe mbele ya huyo aliyepanda. Hilo nimelielewa. La mgao wetu bado, na tunaendelea nalo hivyo hivyo, yeye akiwa na hesabu yake na mimi nikiwa na panga langu.

Tulipotoka nje alilikunja lile gunia tupu mara nne, akaliweka mikononi mwangu, akaniita omokamwana, yaani mke wa mwanangu. Kisha, kwa Kiswahili ambacho hakuwa amenionyesha kwamba anacho, akasema:

"Alhamisi. Kuja mapema, kabla ya jua."

Nikasema ndiyo. Hata yangu sikujua ni ndiyo ipi.