Daftari la Wino wa Kijani

Alasiri, cherehani ikishanyamaza, dada mtu hufungua daftari lake la hesabu taratibu, kama anayefunua uso wa mtoto aliyelala. Ni fundi wa nguo, na mtihani wa hesabu ameshaufeli mara mbili. Asipoufaulu, chuo cha uuguzi hakimpokei. Kanuni huziandika kwa wino wa kijani, mifano kwa bluu, na mistari huipiga kwa rula ileile ya kupimia vitambaa. Huandika huku akiimba puani wimbo usio na maneno, macho yamemlegea, na mwanga wa dirishani ukitambaa juu ya ukurasa mpaka tarakimu zionekane kama zinaelea. Mdogo wake, aliyeufaulu mtihani huohuo mwaka jana, hushona vifungo pembeni na kumtazama tu.

Siku moja mdogo wake akamsomea swali moja la humo, kisha akalifunika daftari kwa kiganja. "Dada, hebu nitafutie jibu la swali hili bila kuchungulia."

Kalamu ikasimama hewani. Wimbo ukakatika. "Mbona nimeliandika mara tatu?" akanong'ona dada mtu.

"Umeliandika, dada. Hujalikokotoa hata mara moja."

Uso ukamshuka, hata mdogo wake akaujutia ulimi wake. Kisha dada mtu akavuta kipande cha karatasi ya kuchorea mishono, akakokotoa, akakosea, akakata, akakosea tena. Karatasi ikachafuka kama uwanja uliochakurwa na kuku. Mara ya nne jibu likatoka. Hakulinakili popote. Aliisukuma karatasi pembeni, vidole vimejaa wino, akasema, "Nipe jingine."