Mbuzi Waliokonda Ndani ya Deki

Baba yangu hajawahi kukosana na mtu kwa sababu ya siasa wala shamba. Alikosana na baba mkubwa wa mke wangu kwa sababu ya televisheni.

Kwetu Ukambani unaweza kulipa mahari mpaka uishiwe, lakini usipopeleka mbuzi watatu wa ntheo, mke bado si wako, hata mkijaliwa wajukuu. Wa kwangu baba aliwachagua mwenyewe hapa Kalamba, akiwapapasa mgongo mmoja mmoja, tukawapeleka Migwani, kwao mchumba wangu, kwa pikapu. Walikuwa wanono hata kutembea walitembea kwa maringo. Mpiga picha akarekodi kila kitu.

Baba mkubwa hakuhudhuria. Alikuwa amelazwa Mwingi, amevunjika mguu, mkewe akimuuguza. Kwa vile ndiye mkubwa wa ukoo ule, tarehe ya harusi ya kanisani isingepangwa bila neno lake, na kwa vile simu yake ni ya kubofya, aliporudi nyumbani tulimpelekea sherehe nzima kwenye diski. Baada ya wiki mbili neno likaja: amewaona mbuzi, na wale si wa ntheo.

Baba aliposikia aliweka kikombe chini. Akasema hatakanyaga Migwani tena mpaka aombwe radhi. Mchumba wangu alinipigia simu akilia, na mimi nikachemka kuliko wote, maana hasira zangu ziko karibu. Ilinichukua siku tatu kumbembeleza baba. Alikubali tu nilipomwahidi kwamba tutaitazama hiyo diski na mzee mwenyewe, mbuzi kwa mbuzi.

Mzee alitupokea nyumbani kwake akiwa ameketi, mguu juu ya stuli. Akampa baba mkono kwa adabu, akamwonyesha kiti, kisha akachungulia mlangoni nyuma yetu.

"Na baba ya kijana? Yule mzee mrefu, amekondakonda? Alishindwa kuja?"

"Ni mimi," baba akasema.

Baba yangu ni mfupi, na tumbo lake humtangulia kila mahali. Mzee alimkagua juu mpaka chini, halafu akanigeukia kana kwamba nimemletea mzazi wa kukodi. Hapo hasira zangu zikaanza kupoa, kwa sababu nilishaanza kuishuku mashine iliyomwonyesha ile diski.

Mkewe akatia diski kwenye deki, akaiwasha. Sauti ndiyo ilianza kutusumbua: mchungaji alikuwa akiomba kama mtu aliye ndani ya mtungi. Nikaingiza mkono nyuma ya ile TV ya zamani yenye mgongo, nikakuta waya nyekundu imelegea, nikaisukuma, na maombi yakajaa sebuleni. Lakini picha! Masikini mbuzi wa baba. Walikuwa warefu, shingo nyembamba, mbavu zimebanana. Baba alikuwa mwembamba kama ufito, na mchumba wangu alifanana na mtu aliyetoka kuugua malaria.

"Jionee mwenyewe," mzee akasema. "Na usiniambie ni TV. Watu wa habari nawaona wako sawa. Kwaya kwa diski zingine wako sawa. Ni nyinyi tu."

"Ndugu yako, baba ya msichana, hakukuambia walikuwa wanono?" nikauliza.

"Aliniambia. Lakini mtu ameshakula hiyo nyama, atasema nini ingine?"

Nikasimamisha picha pale mbuzi wanaposhushwa. "Mzee, hebu angalia tairi ya pikapu."

Akainama. Tairi lilikuwa limesimama kama yai.

"Gari ya tairi kama hiyo ingetoka Kalamba ifike hapa?"

Nikachukua rimoti, nikaingia kwenye menyu ya kuseti, nikatafuta sehemu ya umbo la skrini. Deki ilikuwa imesetiwa kwa TV pana za siku hizi, kumi na sita kwa tisa, na ile ya mzee ni nne kwa tatu, kwa hiyo sherehe yetu, iliyorekodiwa kwa upana, ilibanwa ikaingizwa kwa nguvu, wakati habari na zile kwaya zilikuwa za nne kwa tatu tangu mwanzo. Nilichagua umbo la kwanza la nne kwa tatu. Watu wakanenepa, lakini kingo za picha zikakatwa na mbuzi wakabaki wawili.

"Rudisha mbuzi yangu," baba akasema.

Nikachagua la pili, lile linaloacha ukanda mweusi juu na chini. Tairi likawa la duara. Mbuzi wakawa watatu, wameshiba, wakiringa. Baba akakunja mikono kifuani, akangoja radhi yake.

"Mnisamehe," mzee akasema, macho bado kwenye skrini. "Lakini mimi sikukataa juu ya nyama. Huyu msichana nilimlea mimi, ile miaka ndugu yangu alikuwa kazi Mombasa. Naona mbuzi wamekonda, mwenye boma amekonda, na yeye mwenyewe ameanza kukonda kabla hata hajaolewa. Nikajiuliza, huko atakula nini? Ningesema hivyo mngesikia aibu. Nikasingizia mbuzi."

Niliona aibu mimi. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumshinda. Baba alikunjua mikono, akavuta kiti mpaka karibu na ule mguu, akaanza kumweleza habari za ghala lake, mahindi, pojo na mbaazi, polepole, kama anayempa mtu dawa.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba nirudishe pale msichana anapocheka. Tuliirudisha mara nne. Mara ya nne, mashavu ya msichana yamejaa kwenye ile skrini ndogo, mzee akasema sasa tunaweza kupanga tarehe.